Kanga Mbili Zilizolowa: Somo la Kupima Damu ya Mama Baada ya Kujifungua

Utangulizi

Mwanamke wa Kitanzania anapokwenda kujifungua hubeba kanga. Moja hutandikwa chini yake, moja humfunika, nyingine humpokea mtoto. Muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa, kanga iliyotandikwa huviringishwa, hutiwa katika ndoo na kukabidhiwa ndugu aliyeko nje ili akaifue. Katika kanga hiyo mna taarifa muhimu kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye jalada la mama: kiasi cha damu iliyomtoka. Mara nyingi taarifa hiyo huondoka na ndoo bila kusomwa na mtu yeyote.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wajawazito na wazazi duniani, na Tanzania haijasalimika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za hali ya afya na idadi ya watu, vifo vitokanavyo na uzazi vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Katika kipindi hicho sehemu ya wanawake wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya imepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Mama amekwisha kufika kituoni. Swali lililobaki ni hili: akianza kutokwa na damu mbele ya mkunga, je, mkunga atatambua kwa wakati?

Somo hili linapitia tafiti za uuguzi na ukunga zilizojibu swali hilo, baadhi zikiwa zimefanyika hapa nchini, na kuyaweka majibu yake katika mazingira ya kituo kama vile vya Mpemba, karibu na Tunduma mkoani Songwe, ambako rufaa hutegemea barabara kuu yenye msongamano. Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya aweze kueleza kwa nini damu ipimwe badala ya kukadiriwa, na hatua zipi zifuate kipimo hicho. Mama na familia yake waweze kuzijua dalili za hatari na haki yao ya kuuliza.

Kwa nini jicho halitoshi

Mimba inapokomaa, damu ipitayo katika mji wa mimba hufikia takriban mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba yenyewe kwa kujikaza. Misuli hiyo ikilegea, mishipa hubaki wazi. Kulegea huku ndiko chanzo cha takriban visa 7 kati ya 10 vya kutokwa na damu nyingi. Vyanzo vingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo, na damu kushindwa kuganda.

Kwa muda mrefu mkunga amefundishwa kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, mama yumo hatarini. Tatizo ni namna ya kujua kuwa imefika. Damu huenea kwenye shuka, huchanganyika na maji ya uzazi na mkojo, hunywewa na kanga na pamba, nyingine hudondoka sakafuni. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba makadirio ya macho huwa pungufu, na kadiri damu inavyozidi ndivyo upungufu wa makadirio unavyokua. Kwa maneno mengine, jicho hukosea zaidi pale linapohitajika zaidi.

Mwili wa mama nao huchangia udanganyifu huo. Wakati wa ujauzito ujazo wa damu huongezeka kwa karibu nusu, hivyo mwanamke mwenye afya njema huweza kupoteza damu nyingi huku akiwa bado anazungumza na kumtazama mwanawe. Shinikizo la damu hushuka akiwa amekwisha kuchelewa. Mkunga anayesubiri mama azimie ndipo aamini kuwa kuna hatari amesubiri kupita kiasi.

Kigoma: kanga yageuzwa kipimo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walijiuliza mkoani Kigoma: je, wakunga wa jadi, wengi wao wasio na kifaa chochote cha maabara, wanaweza kuzipima mililita 500? Jibu lilikuwa tayari chumbani mwa mzazi. Kanga za ukubwa wa kawaida zilipojaribiwa kwa damu, ilibainika kwamba kanga mbili zilizolowa kabisa hubeba kiasi kinachozidi kidogo mililita 500. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005.

Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, wakunga wa jadi katika eneo moja la Kigoma walifundishwa kwamba kanga ya pili ikilowa, wampe mama mikrogramu 1,000 za misoprostoli kwa njia ya haja kubwa. Katika eneo la kulinganisha, mama aliyefikia kiwango hicho alipelekwa kituoni. Eneo la kwanza lilikuwa na wanawake 454, na 111 kati yao walivuka kipimo. La pili lilikuwa na wanawake 395, na 73 walivuka. Waliohitaji rufaa katika eneo lenye dawa hawakufika asilimia 2 ya waliovuja damu nyingi, wakati katika eneo la pili walifika asilimia 19.

Utafiti huo usisomwe kama ruhusa ya kuzalia nyumbani. Ulifanyika kwa wanawake ambao tayari walikuwa wakizalia huko, na haukuundwa kupima vifo. Wala kanga si kipimo kamili, kwa kuwa uzito na ubora wa pamba hutofautiana. Lakini ulithibitisha jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia: mtu asiyejua kusoma huweza kupima, na kipimo chepesi kikiunganishwa na hatua moja iliyo wazi hubadili kitakachompata mama.

Dkt. Mbaruku hakuanzia hapo. Katika makala aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995, alieleza jinsi hospitali ya mkoa wa Kigoma ilivyoshusha vifo vya uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya mwaka 1984 na 1991, kwa hatua ndogondogo zilizotumia rasilimali zilizokuwapo.

Shuka lenye mfuko wa vipimo

Baada ya miaka kadhaa wazo lilelile lilipata chombo bora zaidi: shuka la plastiki linalotandikwa chini ya mama, lenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita. Damu hutiririka moja kwa moja ndani ya mfuko, na mkunga husoma kiasi kama asomavyo dawa kwenye bomba la sindano.

Utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE ulikijaribu chombo hicho katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023. Hospitali zilizopangiwa mpango mpya zilitumia shuka lenye vipimo pamoja na kifurushi cha tiba. Zile za kulinganisha ziliendelea na huduma ya kawaida, ingawa damu yao pia ilikusanywa katika mfuko, ila mfuko usio na mistari.

Tofauti iliyopatikana inastahili kusomwa taratibu. Penye mistari, wakunga walitambua visa 93 kati ya kila 100 vya kutokwa na damu nyingi. Pasipo na mistari walitambua 51. Damu ilikuwa mbele ya macho ya wote, nusu ya visa vikapita bila kuonekana. Tiba kamili ilitolewa kwa asilimia 91 ya waliostahili katika kundi la kwanza na asilimia 19 katika la pili. Matokeo mabaya kabisa, yaani kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa sababu ya damu, yalipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Hapa pana somo kwa kila anayedhani kwamba tatizo la vituo vya afya ni uvivu wa wahudumu. Wakunga wa makundi yote mawili walikuwa na mafunzo ya taaluma ileile. Waliotofautiana walitofautiana kwa kuwa wengine walipewa namba ya kusoma na utaratibu wa kuifuata.

Hatua zinazokwenda pamoja

Mazoea ya zamani yalikuwa kujaribu hatua moja, kusubiri, kisha kujaribu ya pili. Kila kusubiri hula dakika ambazo mama hana. Katika E-MOTIVE hatua zote zilitolewa kama kifurushi kimoja, zikilengwa kukamilika ndani ya dakika 15:

1. Kuukanda mji wa mimba hadi ukaze, na kuhakikisha kibofu hakijajaa mkojo.
2. Kutoa dawa ya kukaza mji wa mimba, hususan oksitosini.
3. Kutoa asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa takriban dakika 10.
4. Kuweka dripu na kurejesha maji mwilini.
5. Kuchunguza njia ya uzazi na kondo la nyuma ili kutafuta chanzo, na kuita msaada endapo damu haikomi.

Mwezi Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosogeza kengele ya hatari mbele zaidi. Mkunga hasubiri tena mililita 500 peke yake. Damu ikifika mililita 300 na kukawa na dalili moja isiyo ya kawaida, tiba ianze. Dalili hizo ni mapigo ya moyo zaidi ya 100 kwa dakika, shinikizo la juu chini ya 100, shinikizo la chini pungufu ya 60, au idadi ya mapigo kuizidi namba ya shinikizo la juu. Kigezo hiki cha mwisho hakihitaji kikokotozi: mapigo 112 na shinikizo la juu 104 ni dalili ya hatari, hata kama mama anatabasamu.

Dawa na dakika

Asidi ya traneksamiki huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utafiti wa WOMAN, uliowahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, ulitangazwa mwaka 2017. Kwa waliopewa dawa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vilivyosababishwa na damu vilikuwa asilimia 1.2, ikilinganishwa na 1.7 kwa wasiopewa. Baada ya saa 3 faida haikuonekana. Uchambuzi uliofuata ulionesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10.

Oksitosini nayo ina sharti lake. Huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Chupa iliyokaa dirishani wiki nzima huwa na rangi ileile na lebo ileile, lakini yaweza kuwa imepoteza nguvu. Mhudumu anayekagua jokofu la dawa kila asubuhi anafanya kazi ya kuokoa maisha sawa na yule anayechoma sindano.

Hesabu ya barabara: mfano wa Mpemba

Mpemba iko kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kilomita chache kabla ya Tunduma kwa atokaye Mbeya, mahali ambapo barabara ya Isongole inachepuka kuelekea Ileje na mpaka wa Malawi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni ndefu kandokando ya barabara hiyo. Makao makuu ya mkoa, Vwawa, yako upande wa kuelekea Mbeya. Jiji la Mbeya, yenye hospitali ya rufaa ya kanda pamoja na Hospitali ya Wazazi ya Meta, liko takriban kilomita 100.

Uchukuliwe mfano wa kufundishia, usiohusu mtu fulani. Mama amejifungua katika kituo kidogo saa 8:00 usiku. Saa 8:20 damu imefika mililita 300 na mapigo yake ni 112. Mkunga akikadiria kwa jicho, ataona kanga moja imelowa na kuiita hali ya kawaida. Saa 9:00 mama analalamika kiu na baridi. Gari linaitwa, linafika saa 9:30, safari na mapokezi vinachukua saa moja na nusu. Dozi ya kwanza ya dawa inatolewa saa 11:00 alfajiri, saa 3 zikiwa zimetimia. Hakuna aliyezembea barabarani. Muda ulipotea chumbani, kati ya saa 8:20 na saa 9:00, kisha dawa ikasafirishwa mawazoni badala ya kutolewa papo hapo.

Mkunga mwenye kipimo angeanza kifurushi saa 8:20. Gari lingeitwa wakati dripu ikiingia, na mama angesafiri akiwa amekwisha kupata dozi, mji wa mimba umekazwa, na karatasi ya rufaa ikieleza kiasi cha damu kwa namba. Rufaa ni mwendelezo wa tiba. Haichukui nafasi yake. Kwa usafiri wa dharura, mfumo wa m-mama unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo huunganisha kituo, gari la wagonjwa au dereva wa jamii, na hospitali inayopokea.

Kituo kisichokuwa na shuka lenye vipimo hakikosi njia. Damu yaweza kukusanywa katika bakuli safi na kumiminwa kwenye jagi lenye alama. Vitambaa vyaweza kupimwa kwa mizani kabla na baada ya kulowa, gramu 1 ikihesabiwa sawa na takriban mililita 1. Na pasipo na chochote, kanga ya pili inayolowa ibaki kuwa kengele. Kanuni ni moja: kisitoke chumbani kitambaa chochote kabla hakijatazamwa na kuandikwa.

Mama aliyeanza safari na damu pungufu

Utafiti wa WOMAN-2, uliofanyika Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia kwa wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali, uliuliza kama asidi ya traneksamiki ikitolewa mapema, kabla mama hajaanza kuvuja, itamkinga. Jibu lililotolewa mwaka 2023 lilikuwa hapana: waliopata tatizo walikuwa asilimia 7.0 kwa dawa na 6.6 bila dawa. Jibu la hapana ni elimu pia. Linawakumbusha wahudumu kwamba upungufu wa damu hautibiwi kwenye kitanda cha kujifungulia. Hutibiwa kliniki, kwa kupima wingi wa damu, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kinga ya malaria na dawa za minyoo. Kwa mama wa namna hii, mililita 400 zaweza kuwa nyingi kuliko mililita 800 kwa mwenzake mwenye damu ya kutosha.

Mazoezi na kumbukumbu

Chombo bila mazoezi husahaulika kabatini. Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao wa nje, katika wilaya 20 za Tanzania, ulijaribu mafunzo mafupi yanayotolewa palepale kazini na kufuatiwa na mazoezi ya kila wiki. Madhara makali yatokanayo na damu yalipungua katika wilaya zilizofunzwa. Kituo chenye wakunga wawili tu chaweza kufanya vivyo hivyo: dakika 15 kila Jumatatu, mmoja akiigiza mama, mwingine akitaja hatua kwa sauti huku akigusa mahali kila dawa inapokaa. Zoezi hilo hufichua mapema kwamba funguo za kabati ziko nyumbani kwa mtu.

Kwa mama na ndugu zake

Mama aliyejifungua, na ndugu anayemsindikiza, wana nafasi katika somo hili. Mhudumu aitwe mara moja iwapo:

- damu inatiririka bila kukoma, au mabonge makubwa yanatoka;
- kitambaa kinalowa chote chini ya saa moja;
- mama anahisi kizunguzungu, kiu kali, baridi au moyo kwenda mbio;
- tumbo chini ya kitovu ni laini badala ya kuwa gumu kama mpira.

Saa 24 za kwanza ndizo za hatari kubwa, lakini damu nyingi yaweza kutokea hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Aliyekwisha kurudi nyumbani arudi kituoni bila kusubiri kupambazuke. Shangazi au mama mkwe anayefua kanga naye ni shahidi. Akiona kwamba kanga zilizolowa zinazidi mbili, aseme. Kumuuliza mkunga, "Damu iliyomtoka ni kiasi gani?" si utovu wa adabu. Ni swali ambalo kituo kinapaswa kuwa na jibu lake.

Muhtasari

Damu ikadiriwapo kwa jicho, karibu nusu ya visa hupita. Ipimwapo, visa vingi hutambuliwa mapema. Kipimo kikifuatwa na kifurushi kizima cha tiba bila kusubiriana, madhara makali hupungua kwa zaidi ya nusu. Dawa ya kuzuia damu hupoteza faida kila robo saa ipitayo, hivyo tiba ianzie mama alipo, rufaa ifuate. Na kinga ya kwanza huanzia kliniki ya wajawazito.

Maswali ya kujipima

1. Mama ana mililita 320 kwenye mfuko, mapigo 108, shinikizo 110/70. Je, tiba ianze au isubiri mililita 500? Eleza sababu.
2. Taja hatua tano za kifurushi, na mahali kila dawa inapohifadhiwa katika kituo chako.
3. Umeme umekatika kwa siku mbili. Utahakikishaje kwamba oksitosini iliyopo bado inafaa?
4. Katika kituo chako, kanga ya mama huenda wapi baada ya kujifungua, na nani huitazama kabla haijaondoka?